Dawa, Tumbaku au Bidhaa Tu? Historia ya Mgogoro wa Kuainisha Sigara ya Kielektroniki Nchini Marekani na Mwangwi Wake Uganda na Kenya, 1963–2025

Utangulizi

Tarehe 7 Desemba 2010, Mahakama ya Rufaa ya Marekani jijini Washington ilitoa uamuzi kuhusu shehena za sigara za kielektroniki zilizokuwa zimezuiliwa forodhani. Majaji hawakuulizwa iwapo kifaa hicho kinadhuru au kinasaidia. Waliulizwa kiwekwe katika kundi gani: dawa, au bidhaa ya tumbaku? Insha hii inatetea hoja kwamba jibu la swali hilo liliamua, kuliko ushahidi wowote wa kitabibu, nani angeruhusiwa kukiuza kifaa hicho, amuuzie nani, na athibitishe nini kabla ya kukiuza. Maandishi mengi kuhusu suala hili huanza na madhara ya kiafya kisha huja kwenye sheria, kana kwamba sheria ilifuata ushahidi. Mfuatano wa matukio unaonyesha mpangilio tofauti. Ainisho lilitangulia, soko likajengwa juu ya ainisho hilo, na sehemu kubwa ya ushahidi ikafika wakati watumiaji walikwisha kuhesabiwa kwa mamilioni.

Suala la istilahi linahitaji kutajwa mapema, kwa kuwa nalo ni sehemu ya mgogoro. Kiswahili hakijawahi kupungukiwa na majina ya vyombo vya tumbaku. Kuna kiko na sehemu zake, zikiwamo bori na digali, kuna buruma, yaani kiko cha maji, kuna ugoro, na kuna tumbaku inayotafunwa pamoja na tambuu. Kifaa hiki kipya kimeingia na majina yanayovutana: sigara ya kielektroniki, sigara ya umeme, sigara ya mvuke. Kitenzi ni kile kile, kuvuta, lakini kinachovutwa si moshi, kwa kuwa hakuna kinachoungua. Wala si mvuke kwa maana halisi. Ni erosoli, yaani matone madogo mno ya kimiminika yanayoelea hewani, yenye nikotini, propilini glikoli, gliserini na vionjo. Wauzaji wamependelea neno linalokumbusha sufuria ya maji jikoni, na wapinzani wamependelea neno moshi. Insha hii inatumia erosoli.

Kifaa kabla ya soko

Herbert A. Gilbert, mkazi wa Pennsylvania, aliomba hataza mwaka 1963 kwa ajili ya sigara isiyo na tumbaku wala moshi, iliyopasha joto hewa yenye unyevu na ladha. Hataza ilitolewa mwaka 1965. Katikati ya miaka hiyo miwili, Januari 1964, Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani alichapisha ripoti iliyohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Mtu angetarajia kwamba ripoti ile ingefungua njia kwa kifaa cha Gilbert, lakini hakikuwahi kuzalishwa kwa ajili ya soko. Kwa kuwa hakikuwa na nikotini, hakuna chombo cha serikali kilicholazimika kuamua ni kitu gani.

Swali la ainisho liliibuka katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (hapa chini: Mamlaka) iliidhinisha ubani wa kutafuna wenye nikotini kama dawa ya kuwasaidia watu kuacha sigara. Miaka michache baadaye kampuni moja ya Texas ilileta sokoni Favor, mrija wenye umbo la sigara uliokuwa na kizibo kilicholoweshwa nikotini na kuvutwa bila kuwashwa. Mwaka 1987 Mamlaka iliamua kwamba huo ni dawa mpya isiyoidhinishwa, na biashara yake ikaishia hapo.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ulivyozoeleka kutazamwa. Katika miaka hiyo hiyo sigara ya kawaida iliuzwa katika kila duka bila muuzaji wala mtengenezaji kuomba idhini ya Mamlaka, kwa sababu Mamlaka yenyewe ilijiona haina uwezo wa kisheria juu yake. Nikotini iliyotolewa kwenye jani ikawa dawa yenye masharti, na nikotini iliyobaki ndani ya jani, pamoja na lami na gesi ya kaboni monoksidi, ikabaki kuwa biashara huria. Mamlaka ilipojaribu mwaka 1996 kuiweka sigara chini yake kwa hoja kwamba ni chombo cha kuingiza nikotini mwilini, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikatalia Machi 2000, kwa kura tano dhidi ya nne. Mantiki ya majaji walio wengi ilikuwa kwamba kama sigara ingekuwa dawa ingelazimika kupigwa marufuku, kwa kuwa isingeweza kuthibitishwa kuwa salama, ilhali sheria nyingi za Bunge zilionyesha kwamba Bunge halikukusudia marufuku hayo. Kwa maneno mengine, madhara ya sigara yalikuwa sababu ya kuiacha nje ya mkono wa Mamlaka.

Hon Lik na safari ya kutoka Shenyang

Sigara ya kielektroniki inayojulikana leo ilibuniwa Uchina mwaka 2003 na Hon Lik, mfamasia wa mji wa Shenyang aliyekuwa mvutaji mkubwa. Baba yake, ambaye naye alikuwa mvutaji, alifariki kwa saratani ya mapafu. Kifaa chake kilitumia mtetemo wa ultrasauti kugeuza kimiminika chenye nikotini kuwa erosoli. Waya wa kupasha joto ulikuja baadaye na ndio ulioenea. Bidhaa iliingia sokoni Uchina mwaka 2004 kwa jina la Ruyan, ambalo maana yake ni kitu kinachofanana na moshi. Katika muda wa miaka mitatu au minne ilikuwa imefika Ulaya na Marekani, zaidi kwa njia ya mauzo ya mtandaoni na vibanda vya madukani.

Wauzaji wa mwanzo walisema waziwazi kwamba kifaa husaidia kuacha sigara, na baadhi yao walitumia jina la Shirika la Afya Duniani kuunga mkono dai hilo. Septemba 2008 Shirika lilitoa tamko la kuwataka waache, likieleza kwamba halikitambui kifaa hicho kuwa tiba iliyothibitishwa. Ni muhimu kukumbuka kwamba wakati huo wauzaji wenyewe ndio waliokuwa wakizungumza lugha ya dawa. Waliiacha pale walipotambua gharama yake.

Shauri la Sottera

Mwanzoni mwa mwaka 2009 Mamlaka ilianza kuzuia shehena zilizotoka Uchina kwa kuzihesabu kuwa dawa na vifaa vya dawa visivyoidhinishwa, kama ilivyofanya kwa Favor miaka ishirini na miwili kabla. Kampuni ya Smoking Everywhere ilifungua kesi mwezi Aprili, na Sottera, iliyouza bidhaa za NJOY, ikajiunga nayo. Kesi ikiwa bado mahakamani, tarehe 22 Juni 2009, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyoipa Mamlaka uwezo juu ya tumbaku kwa mara ya kwanza. Sheria hiyo ilitafsiri bidhaa ya tumbaku kuwa ni kitu chochote kilichotengenezwa kwa tumbaku au kinachotokana nayo kwa ajili ya matumizi ya binadamu, isipokuwa dawa.

Fasiri hiyo ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Nikotini ya vimiminika hivi hutolewa kwenye jani la tumbaku. Kwa hiyo wauzaji wangeweza kudai kwamba wanauza bidhaa ya tumbaku, mradi tu wasidai kwamba inatibu. Januari 2010 Jaji Richard Leon aliukubali mtazamo huo, na Desemba Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Brett Kavanaugh, ambaye miaka minane baadaye aliingia Mahakama ya Juu. Kanuni iliyotokana na hukumu hiyo ni fupi. Kifaa kikiuzwa kwa madai ya tiba, ni dawa. Kikiuzwa bila madai hayo, ni tumbaku.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kampuni iliyotaka kumwambia mvutaji kwamba bidhaa yake itamsaidia kuacha sigara ilipaswa kugharamia majaribio ya kitabibu kwa miaka kadhaa. Kampuni iliyouza kifaa kile kile kwa ajili ya starehe, chenye ladha ya embe au mnanaa, haikudaiwa lolote. Sheria iliweka gharama upande wa matumizi yenye manufaa na kuuacha upande wa pili bila kizuizi. Mwandishi wa insha hii haoni kwamba majaji walikosea kuisoma sheria. Fasiri ya Bunge ilikuwa wazi vya kutosha. Kosa, kama ni kosa, lilikuwa katika kudhani kwamba jina la tumbaku lingekuja na udhibiti wake papo hapo.

Haikuwa hivyo. Sheria ya 2009 ilitaja sigara, tumbaku ya kusokota na tumbaku isiyo ya moshi. Aina nyingine zingeingizwa kwa kanuni ya Mamlaka, na kanuni hiyo ilipendekezwa Aprili 2014, ikakamilishwa Mei 2016 na kuanza kutumika Agosti 8, 2016. Kwa takriban miaka mitano na nusu sigara ya kielektroniki haikuwa dawa, na ingawa ilikuwa tumbaku kwa jina, hakuna kanuni ya taifa ya tumbaku iliyoigusa. Hata sharti la kutowauzia watoto liliachiwa majimbo.

Pengo na aliyelitumia

Makampuni makubwa ya sigara hayakuchelewa kuliona pengo hilo. Lorillard ilinunua blu mwaka 2012 kwa dola milioni 135. Mwaka 2013 Imperial Tobacco ilikubali kununua biashara ya sigara za kielektroniki iliyotokana na ubunifu wa Hon Lik kwa dola milioni 75. Hata hivyo aliyebadilisha soko alitoka nje ya sekta. Juni 2015 kampuni ya Pax Labs, iliyoasisiwa na James Monsees na Adam Bowen, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilizindua Juul: kifaa chembamba kilichofanana na kihifadhi data cha kompyuta, chenye katriji ya asilimia 5 ya nikotini.

Siri ya Juul ilikuwa katika kemia zaidi kuliko umbo. Nikotini huru ikiwa nyingi huwasha koo, na hilo lilikuwa breki ya asili kwa mvutaji mgeni. Juul ilichanganya nikotini na asidi ya benzoiki ili kupata chumvi ya nikotini, ambayo hupita kooni kwa ulaini hata kiwango kikiwa juu. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita katika agizo lake la mwaka 2014. Marekani, ambako hapakuwa na kikomo, katriji ilibeba karibu mara tatu ya kiasi hicho. Mtu mzima aliyetaka kuachana na sigara alipata kitu kilichokaribia sigara kwa kasi yake. Kijana asiyewahi kuvuta alipata kitu kisichomkohoza.

Takwimu za uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa vijana zinaonyesha kilichofuata. Mwaka 2017 asilimia 11.7 ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa wametumia sigara za kielektroniki katika siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2018 ilikuwa asilimia 20.8, mwaka 2019, asilimia 27.5. Desemba 2018 Daktari Mkuu wa Serikali, Jerome Adams, alilitangaza jambo hili kuwa janga. Mwezi huo huo Altria, wauzaji wa Marlboro nchini Marekani, walilipa dola bilioni 12.8 kwa asilimia 35 ya Juul. Mwishoni mwa 2022 Altria yenyewe ilikadiria hisa hizo kuwa na thamani ya dola milioni 250. Kufikia 2024 kiwango cha wanafunzi wa sekondari za juu kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 7.8.

Mamlaka ilipoanza kutekeleza kanuni yake ilijikuta ikipanda mbegu shamba likiwa limeshavunwa. Kila bidhaa ilipaswa kuombewa idhini, lakini Julai 2017 Kamishna Scott Gottlieb aliusogeza mwisho wa kuwasilisha maombi hadi 2022. Mahakama ikaurudisha nyuma hadi 2020. Idhini ya kwanza ilitolewa Oktoba 2021 kwa Vuse ya R.J. Reynolds, kampuni tanzu ya British American Tobacco. Juul yenyewe ilinyimwa idhini Juni 2022 na kuipata Julai 2025, kwa ladha za tumbaku na mentoli pekee.

Ushahidi wa kiafya na nafasi yake

Mwaka 2018 Akademia za Kitaifa za Marekani zilihitimisha kwamba mvutaji anayehama kabisa kutoka sigara hupunguza kemikali za sumu mwilini mwake, na pia kwamba vijana wanaotumia sigara za kielektroniki wako katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu sigara za kawaida. Hitimisho zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na kila upande umezoea kunukuu moja. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2019, likiwa na washiriki 886, lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 18.0 ya waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa dawa za nikotini. Lakini asilimia 80 ya waliofaulu katika kundi la kwanza walikuwa bado wanatumia kifaa, dhidi ya asilimia 9 tu ya waliofaulu katika kundi la pili walioendelea na dawa zao. Walikuwa wameacha moshi. Uraibu wa nikotini walikuwa nao.

Mwaka 2019 pia ulileta ugonjwa wa ghafla wa mapafu ulioua watu 68 nchini Marekani kati ya wagonjwa 2,807 waliorekodiwa hadi Februari 18, 2020. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa asetati ya vitamini E, iliyoongezwa katika mafuta ya bangi yaliyouzwa kwa magendo: ilipatikana katika majimaji ya mapafu ya wagonjwa 48 kati ya 51 waliopimwa. Hata hivyo ugonjwa ulipewa jina lenye sigara ya kielektroniki ndani yake, na jina hilo limebaki. Msomaji wa kawaida akakihusisha kifo cha mvutaji wa bangi ya magendo na kifaa kilichosajiliwa, na muuzaji wa kifaa kilichosajiliwa akapata kisingizio cha kudai kwamba hofu yote ilikuwa ya uongo. Formaldihaidi inayozalishwa kimiminika kinapopashwa joto kupita kiasi, chembe za metali kutoka kwenye waya, na athari ya nikotini kwa ubongo ambao haujakomaa vilipungukiwa na nafasi katika mjadala huo.

Uganda na Kenya

Kampuni zilizopita katika mlango wa Marekani ni za kimataifa, na baadhi zina historia ndefu Afrika Mashariki. British American Tobacco, ambayo tangu 2017 inaimiliki Reynolds kikamilifu, ina kampuni tanzu Nairobi na Kampala. Nchi hizi mbili zimelijibu swali la ainisho kwa namna zinazotofautiana sana.

Uganda ililikataa swali lenyewe. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015, iliyoanzia katika muswada binafsi wa mbunge Chris Baryomunsi, ilipiga marufuku uingizaji, utengenezaji na uuzaji wa vifaa vya kielektroniki vya nikotini, pamoja na shisha, tumbaku isiyo ya moshi na tumbaku yenye vionjo. Ilianza kutumika Mei 2016. Kampuni tanzu ya British American Tobacco ilipinga vifungu vyake kadhaa, na Mahakama ya Katiba ikatupilia mbali shauri hilo Mei 2019. Marufuku hayamlazimishi mtu kuamua kifaa ni dawa au ni tumbaku, yanamlazimisha kukitafuta. Misako ya polisi dhidi ya shisha katika baa za Kampala katika miaka iliyofuata inaonyesha ni mzigo wa aina gani.

Kenya ilipitia njia iliyofanana zaidi na ile ya Washington. Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ni ya 2007, na haikitaji kifaa hiki. Kanuni za 2014 zilipingwa mahakamani hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa ya British American Tobacco Novemba 2019. Mwaka huo huo, kampuni iliyokuwa ikipigana na kanuni za tumbaku katika mahakama moja ilikuwa imesajili bidhaa mpya mahali pengine. Hiyo ilikuwa Lyft, vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, iliyosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya sheria ya dawa. Si sigara ya kielektroniki, lakini swali ni lile lile la nikotini iliyotengwa na jani, na insha hii inaiona kuwa Sottera iliyogeuzwa. Nchini Marekani wauzaji walilikimbia jina la dawa kwa sababu lilikuwa na masharti mazito. Nchini Kenya jina la dawa ndilo lililokuwa jepesi, kwani liliepusha maonyo ya kiafya na vizuizi vya matangazo ambavyo sheria ya tumbaku ingevidai. Oktoba 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alielekeza kwamba bidhaa hiyo iwe chini ya Sheria ya Tumbaku.

Wakati Wizara na Bodi zikivutana, idara moja ya serikali haikuwa na shaka. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 ilikuwa imeitaja sigara ya kielektroniki kwa jina na kuitoza shilingi 3,000 kwa kifaa, na shilingi 2,000 kwa katriji. Mwaka 2021 bidhaa nyingine za nikotini ziliongezwa, kwa shilingi 1,200 kwa kilo, isipokuwa zile ambazo Waziri wa Afya ameziidhinisha kuwa dawa. Swali la Washington likawa limeingizwa katika jedwali la kodi la Nairobi. Mwaka 2022 nikotini ya kimiminika ilianza kutozwa shilingi 70 kwa mililita, na Desemba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 100. Muswada wa Seneta Catherine Mumma, unaokusudia kuziingiza sigara za kielektroniki na bidhaa nyingine za nikotini ndani ya Sheria ya 2007, uliwasilishwa Seneti mwaka 2024. Kufikia wakati huo kifaa kilikuwa kimetozwa ushuru kwa jina lake chenyewe kwa takriban miaka tisa.